Pini hushika, haishoni

Mwanangu,

Umeniuliza kama sketi ya shule ya mjukuu wangu, iliyokatika mpira, uipeleke kwa fundi au uibane na pini mpaka Ijumaa. Pini hushika, haishoni. Hilo umelisikia tangu nikikuburuta Makoroboi kununua nyuzi. Lakini mpira mpya utauingiza kwa pini hiyohiyo. Fumua kidogo upande wa ndani wa kiuno, choma pini kubwa kwenye ncha ya mpira, ifunge vizuri, kisha isukume ndani ya upindo ukikunja kitambaa mbele yake na kukivuta nyuma. Ncha ya pili ibane kwenye sketi kwa pini nyingine, la sivyo itazama ndani uanze upya.

Nilitaka kuishia hapo, ila nimekumbuka meli ya Nansio, harusi ya baba yako mdogo. Fundi alinirudishia gauni bila upindo, usiku, kesho safari. Nikalipinda kwa pini kumi na tatu, kila moja nikichota nyuzi mbili tatu tu ili nje pasionekane kitu. Katikati ya ziwa moja ikafyatuka, ikanichoma muundi, nikapiga yowe. Shangazi yako akainua upindo mbele ya abiria: "Jamani, wifi kaja na gauni la pini!" Wakacheka mpaka wenye matenga ya kuku.

Baba yako alinivuta pembeni akanisimulia kwamba Walter Hunt wa New York, aliyeibuni pini hii mwaka 1849, aliuza haki yake kwa dola 400 apate kulipa deni la dola 15. Sikutulia. Hadi leo sijatulia.

Tulipofika, mkanda wa gauni la shangazi yako ukakatika begani. Nilichomoa pini moja kwenye upindo wangu nikambana mwenyewe, kimya. Ilikuwa huruma? Nadhani. Lakini niliichagua ile iliyonichoma.

Na zile kumi na mbili zilidumu mpaka tukarudi Mwanza, kwa hiyo labda naionea pini. Hapana. Pini hushika, haishoni.

Sketi ni yako na mtoto ni wako, siamui. Ila yule anaruka kamba kila mapumziko, na pini ya kiunoni hufungukia tumboni.

Mama yako