Tona haina kosa, kinachokosekana ni joto

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Napakia asali hapa Kasarani na lebo nachapa mwenyewe kwa printa ya leza. Maandishi yanatoka meusi vizuri, lakini nikipitisha kidole yanapukutika kama masizi. Nimebadilisha tona mara mbili. Sasa naambiwa nipitishe karatasi mara ya pili ndipo ishike. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada, na pole kwa pesa za tona hizo mbili. Kila wiki naletewa shida hii, na kila mara mtu ameshauziwa tona kwanza. Tona ni unga wa plastiki. Maandishi yakitoka meusi, tona imemaliza kazi yake. Kuushikisha unga huo ni kazi ya fyuza, rola yenye moto wa karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Stika ni karatasi mbili zenye gundi katikati, kwa hiyo inameza joto jingi. Printa ikidhani ni karatasi ya kawaida, inaipitisha mbio kabla unga haujayeyuka. Kwenye mipangilio, pale pa aina ya karatasi, chagua lebo. Ikikosekana, karatasi nzito. Utaisikia mashine ikipunguza mwendo. Lisha kwa trei ya mkono, na kama kuna mlango wa nyuma, ufungue ili karatasi itoke bila kupindwa.

Kupitisha mara ya pili usijaribu kabisa. Joto la kwanza limeshalegeza gundi. La pili linaitoa kingoni. Majuzi nilifungua printa ya mteja, nikakuta stika imejibandika kwenye rola ya mpira, "Siagi ya Karanga" inasomeka herufi kwa herufi. Alikuwa amejaribu kuibandua kwa kisu, na mpira umechanika. Fyuza hiyo haitengenezeki tena. Karatasi iliyokwisha banduliwa stika chache nayo usiirudishe ndani, hata kama zimebaki kumi; gundi iko wazi.

Wanaonikasirisha zaidi ni wauzaji wa mjini wanaosema stika zao "zinaingia printa yoyote". Nyingi ni za printa za wino wa maji, na zile za plastiki zinayeyukia kwenye fyuza na kuizunguka kama nailoni kwenye jiko. Hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe neno leza kwenye pakiti yenyewe.