Usimchagulie Mwenzio Mchezo

Jumanne ya tarehe 6 Agosti 2024 hakuna aliyefika ofisini kwetu akiwa amelala vya kutosha. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mkenya mwenzetu Beatrice Chebet alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Paris na Mary Moraa shaba ya mita 800. Faith Kipyegon, aliyemfuata Chebet, aliondolewa kwenye matokeo kwa kudaiwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, kisha rufaa ikamrudishia medali yake ya fedha usiku uo huo. Basi chai ya saa nne ilikuwa na kelele kama stendi ya matatu, na kila mtu alikuwa refa.

Sisi ni kampuni ndogo ya uwakala wa mizigo, huku Industrial Area, Nairobi. Watu kumi na wawili, chupa mbili za chai, na sahani ya mandazi ambayo ukichelewa dakika tano unakuta makombo. Karani mmoja akauliza, "Na sisi tungekuwa Paris, kila mtu angeshindana mchezo gani?"

Swali zuri. Ubaya ni kwamba nililijibu mimi, tena kwa niaba ya wote.

Nina mdomo mwepesi. Nilianza na dereva wetu, ambaye kwao ni Iten, mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa. "Wewe mita 10,000, hapo hakuna mjadala." Akatabasamu tu. Mzee wa stoo nikampa kulenga shabaha, kwa sababu ya miwani yake mizito. Halafu nikamgeukia dada wa uhasibu, ambaye ana mwili. "Wewe ni tufe. Ukilirusha kutoka hapa, tutalifuata Makadara."

Watu walicheka. Naye alicheka, kile kicheko kifupi cha kumaliza mambo, akachukua kikombe chake na nusu ya andazi, akarudi mezani kwake. Jumatano hakuja chai. Alhamisi pia.

Kama ofisini kwenu mnaupenda mchezo huu, na najua utarudi Olimpiki ikifika Los Angeles mwaka 2028, shika hili kabla ya mengine yote: kila mtu ajichagulie. Ukimgawia mtu mchezo, hujasema lolote kuhusu michezo. Umetangaza mbele ya watu jinsi unavyouona mwili wake, au umri wake, au kabila lake. Hapa Nairobi hilo la kabila tunalifanya bila hata kufikiri. Mtu akisema tu kwao ni Bonde la Ufa, tayari tumeshamvalisha viatu vya mbio.

Ijumaa nilimfuata yule dada mezani kwake, mchana, wengine walipokwenda kula. Hilo nalo ni ushauri: ukimkosea mtu kwa mzaha mbele ya watu, usimwombe radhi mbele ya watu hao hao, maana utamlazimisha acheke mara ya pili.

"Dada, juzi nilikukosea," nikamwambia.

Aliendelea kubonyeza kikokotoo. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Hukuniuliza."

Nikamwuliza. Kumbe alicheza voliboli sekondari, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapangia wenzake mipira pale wavuni, mpaka goti lilipomharibikia kidato cha tatu. Alikunja risiti ya petroli ikawa kidonge, akairusha juu, akaipokea kwa ncha za vidole vyote kumi na kuirudisha juu, vidole vimetanuka kama vya mtu anayepokea mtoto. "Mpira haushikwi," akasema. "Ukiusikia umekaa mkononi, ujue refa ameshapuliza." Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, alikuwa amewatazama mechi zote tatu za Paris, dhidi ya Brazil, Polandi na Japani, ambako hawakupata hata seti moja, na aliweza kunieleza ni wapi mapokezi yao yalikuwa yakivunjika. Miaka minne tumekaa vyumba viwili vilivyopakana, na kitu pekee nilichokuwa nimekiona ni ukubwa wake.

Jumatatu, Olimpiki ikiwa imefungwa na Kenya ina medali 11, nne za dhahabu, zote za riadha, tuliurudia mchezo. Safari hii niliuliza halafu nikafunga mdomo. Kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko marathoni.

Dereva akasema, "Mimi ningeteleza kwenye theluji."

Tulidhani anatania. Akatusimulia habari za Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati aliyeacha uwanja akaenda kujifunza skii, akashindana kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na kidogo. Boit alitumia zaidi ya 47, akawa wa mwisho kabisa. Dæhlie alimsubiri kwenye utepe muda wote huo ili amkumbatie, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. "Mimi nataka mchezo ambao hakuna mtu anayenidai medali," dereva akasema. Ndugu yetu huyu hajawahi kukimbia hata kufuata basi, na tangu aje Nairobi anaulizwa siri ya mbio.

Kwa hiyo ukiuliza "mchezo gani," ongeza "kwa nini," maana hapo ndipo penye utamu. Kijana wetu wa kompyuta alichagua mkuki, na mikono yake ni myembamba kama mirija. Ila sababu yake ilikuwa Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube hadi akapata medali ya fedha Rio mwaka 2016 kwa mita 88.24. Kijana naye kazi yake yote ameisomea humo humo, na nadhani alikuwa akitueleza hivyo kwa mara ya kwanza.

Mzee wa stoo alichagua kuvuta kamba. Hapa nilikaribia kuteleza tena, nimwambie mchezo huo ni wa sikukuu za shule, haupo Olimpiki. Bahati nzuri nilikuwa na andazi mdomoni. Kuvuta kamba kulikuwemo tangu 1900 hadi 1920, na mzee alilijua hilo vizuri sana. Usimkatalie mtu mchezo wake kabla hujaangalia.

Na bosi ajibu wa mwisho. Wetu alipita na kikombe chake katikati ya mazungumzo, akasema gofu, akaenda zake. Watatu waliomfuata wote wakawa wachezaji gofu. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama ile fimbo inapigwa kwa mkono mmoja. Bosi akiwepo, mpe chai kwanza, mwachie andazi la mwisho, fanya lolote, ila asianze. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi naye usimkurupushe. Yule wetu alijibu kesho yake, kwenye ngazi, kwa sauti ya chini: kuogelea, kwa sababu hajui.

Ilipofika zamu yangu nilisema mbio za kutembea. Natembea kutoka South B hadi Enterprise Road kila asubuhi, nikikwepa malori na madimbwi, na mvua ikinyesha nayapita magari yaliyokwama. Mzee wa stoo akanikumbusha kwamba mchezo huo una masharti: lazima mguu mmoja uwe chini wakati wote, na waamuzi wanasimama njiani kukutazama miguu tu.

"Huyo miguu haitamponza," dada wa uhasibu akasema, akijimiminia chai. "Atatolewa kwa kuongea."

Ofisi nzima ilicheka. Nami nikacheka, nikabaki hapo hapo na kikombe changu.