Saratani ya jicho kwa mtoto: dada, namba uliyouliza ni hii

Dada uliyeandika jana kwamba mwanao wa mwaka mmoja na miezi minane amekutwa na retinoblastoma, wakwe zako hawataki jicho litolewe, na unauliza ni watoto wangapi wanapona: pole sana. Mimi si daktari. Mwanangu alitolewa jicho la kushoto akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Sasa ana miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Kwetu ilianza na picha. Shangazi yake alimpiga picha kwa simu usiku, flashi ikawaka. Jicho moja lilitoka jekundu kama la kila mtu, la pili lilikuwa na doa jeupe katikati ya mboni, kama tone la maziwa. Zahanati walinipa dawa ya kupaka na kuniambia ni kengeza tu, litaisha akikua. Nikapaka miezi minne. Miezi hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu baadaye nilielewa kuwa namba unayoitafuta imo humo.

Ugonjwa huu ni adimu, unampata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, popote duniani. Watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 4,000 waliogunduliwa mwaka 2017, kutoka nchi karibu 150. Baada ya miaka mitatu, katika nchi tajiri walikuwa hai zaidi ya 99 katika kila 100. Katika nchi maskini, 57 hivi. Saratani ni ileile. Tofauti kubwa ni siku ya kufika: kule wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa miezi 14 hivi, huku kwetu miezi 30, na karibu nusu ya wa kwetu hufika imeshatoka nje ya jicho. Kwa hiyo usiishike hiyo 57 kana kwamba ndiyo ya mwanao. Muulize daktari swali moja: bado imo ndani ya jicho? Kama bado imo, mwanao yuko upande wa wanaopona, ila upande huo haumsubiri mtu.

Wodini kitanda cha jirani alikuwepo mtoto mwenye jicho kama la wangu, doa lilelile. Babu yake alisema mjukuu wake hawezi kufanywa chongo, wakamchukua wakaenda kwenye dawa za kienyeji. Walirudi baada ya miezi mitano. Jicho lilikuwa limetokeza nje, limefunikwa kitambaa, na mama yake alikuwa anamlisha uji kwa kijiko huku amegeuza uso. Hakufika Pasaka. Waelezee wakwe zako hilo, taratibu na kwa heshima, kwa sababu najua nao wanamlilia mtoto. Jicho lenyewe mara nyingi limeshapoteza uwezo wa kuona. Saratani ikishaingia kwenye neva iliyo nyuma ya jicho, njia yake ni ubongo.

Operesheni yenyewe haikuwa kama nilivyoiogopa. Siku ya tatu alikuwa anakimbia kwenye korido. Jicho lililotolewa hupelekwa maabara, na majibu yale usiyaache, yafuatilie mwenyewe, maana ndiyo yanayoamua kama atahitaji dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani. Wa kwangu alipewa. Jicho la bandia alianza kuvaa baadaye, na siku hizi analiosha mwenyewe kwa maji safi na sabuni kabla ya shule.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawaambiwi. Karibu watoto 40 kati ya 100 wameubeba ugonjwa huu kwenye vinasaba, hata kama hakuna aliyewahi kuugua katika ukoo. Hao jicho la pili linaweza kufuata, na wakikua wako kwenye hatari ya saratani nyingine, hasa ya mifupa, kwa hiyo kliniki haiishi. Ndugu zake nao wapimwe. Nilipojifungua mdogo wake nilimpeleka akiwa na wiki mbili, wakamtia matone ya kupanua mboni, daktari akaangalia kwa muda mrefu, jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudia la kulia. Akasema ni safi, nimrudishe mwezi ujao.