Muulize Sista: Daktari anataka kumwekea mwanangu mpira wa tumboni

*Shikamoo Sista. Nina binti wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa. Shingo bado haijakaza na hakai bila kushikiliwa, ila anacheka na anamjua kila mtu hapa nyumbani. Shida yetu ni kula. Bakuli dogo la uji linachukua saa nzima na nusu yake inaishia kwenye kitambaa. Akinywa maji anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Mwaka huu amelazwa mara tatu kwa nimonia. Ana kilo nane na nusu. Daktari anasema afanyiwe upasuaji mdogo, awekewe mpira tumboni, chakula kiwe kinapitia hapo. Mama mkwe amegoma. Anasema mtoto akishawekewa mpira ndiyo basi tena, na kwamba mimi nimechoka tu kumlisha. Mume wangu yuko kimya. Na mimi nikimtazama mwanangu anavyofurahia parachichi, nashindwa. Nimnyimeje? Nikubali au nikatae? — Mama K., Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nikujibu moja kwa moja: ningekuwa wewe ningekubali. Lakini nisingeweka sahihi kwenye fomu mpaka nijue mpira wa akiba nitaupata wapi, na nani atanifundisha kuutumia.

Tuanze na mama mkwe, maana bila yeye hufiki popote. Anachosema hakukitunga. Nimefanya kazi wodi ya watoto mpaka nastaafu, na karibu kila mtoto ambaye ndugu walimkuta na mpira wa puani, ule unaopita puani kushuka tumboni, alikuwa hoi: huyu utapiamlo mkali, yule malaria imempanda kichwani, mwingine njiti asiyeweza kunyonya. Wengi walipona, mpira ukatolewa, wakaenda zao nyumbani, na hakuna aliyewasimulia. Mtaani wanasimuliwa wale waliofariki mpira ukiwa puani. Basi mpira ukabeba lawama ya ugonjwa. Usibishane naye jikoni. Mpeleke kliniki, akae kwenye kiti, aulize mwenyewe. Bibi aliyemsikia daktari kwa masikio yake habishi kama aliyeletewa habari na mkamwana.

Sasa barua yako. Kikohozi wakati wa kunywa maji na nimonia tatu ndani ya mwaka mmoja ni jambo moja. Mtoto anapaliwa. Misuli ya ulimi na koo haipokezani inavyotakiwa, kwa hiyo chakula kidogo kinaingia njia ya hewa na kushuka mapafuni. Maji ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanakimbia kooni kabla mtoto hajajiandaa. Uji mzito angalau unamsubiri. Na wewe una bahati unasikia kikohozi. Wapo watoto wanaopaliwa kimya kabisa: hakohoi, ila baada ya kula sauti yake inakuwa ya majimaji, pumzi inakoroma, homa haziishi. Hospitali kubwa zina uwezo wa kuliona hili kwa eksirei, mtoto akimeza dawa nyeupe huku wanaangalia inakopita. Ukipewa rufaa, uliza kama kipimo hicho kinapatikana.

Kuhusu uzito. Kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka mitatu wa katikati ana kama kilo 14, na mstari wa chini kabisa upo kwenye kilo 9.6. Wako yuko chini ya huo. Ni kweli watoto wenye mtindio wa ubongo mara nyingi huwa wadogo, misuli yao haikui kama ya wengine, kwa hiyo chati peke yake isikukoseshe usingizi. Mwambie muuguzi ampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na unatibiwa kwanza. Kidonda cha upasuaji hakiponi vizuri kwa mtoto aliyekonda kiasi hicho, na atalazwa kwa nusu kaputi, kwa hiyo mapafu nayo lazima yawe yamesafika. Usishangae wakianza na mpira wa puani kwa wiki chache ili apande uzito. Huo wa puani ni wa muda mfupi. Unakera pua na koo, unachomoka ovyo, na kila ukichomoka kuna kazi ya kuurudisha. Wiki nne hadi sita zikipita na bado anauhitaji, ndipo wa tumboni unapoanza kuzungumzwa.

Umeandika kwamba bakuli moja ni saa nzima. Fanya hesabu ya siku. Wataalamu wa Ulaya wa utumbo na lishe ya watoto, kwenye mwongozo wao wa mwaka 2017 kuhusu watoto kama wako, walisema kumlisha kukizidi saa tatu kwa siku, hiyo peke yake ni sababu ya kufikiria mpira. Mtoto anayelishwa saa tano hana muda wa mazoezi ya viungo wala wa kucheza, na mama yake hana muda wa kuoga. Anayesema umechoka, mpe kijiko na bakuli alishe siku mbili mfululizo, asubuhi mpaka jioni. Sisemi kwa ubaya.

Parachichi sasa. Mpira haufungi mdomo. Hili ndilo ninalotamani kila mzazi angeambiwa kabla ya neno upasuaji. Kama anayempima umezaji atasema vitu vilivyopondwa laini vinapita salama, binti ataendelea kupata parachichi lake: nusu kijiko cha chai, amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, unangoja ameze ndipo uongeze. Tofauti ni kwamba hutakuwa tena unahesabu vijiko ili asife njaa. Shibe inatoka kwenye mpira, mdomoni inabaki raha. Wakisema hapana, hata hilo si salama kwa sasa, muulize mtaalamu ni ladha gani unaweza kumpakaza mdomoni, ili kinywa kisisahau kazi yake.

Mama mkwe akiuliza mambo haya yametoka wapi, mwambie yametoka kwa watoto wenyewe. Njia ya kuweka mpira huu kwa kamera inayopita mdomoni, bila kupasua tumbo, walianza nayo madaktari Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1979, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga wa miezi michache. Kwetu kamera ndogo za watoto hazipo kila hospitali, kwa hiyo huenda daktari akapasua kidogo. Uliza ni ipi watakayotumia, maana siku za kulazwa na namna ya kupona zinategemea hilo. Kutoka Morogoro pengine mtapelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na siku hizi kuna treni ya SGR, angalau hutampakata mtoto anayecheua saa nyingi ndani ya basi.

Atakayekuambia nimonia itaisha kabisa, usimwamini. Mate yake mwenyewe bado yanaweza kumpalia, na watoto wengine kucheua kunaongezeka baada ya mpira. Kama anacheua sana tangu sasa, sema kabla ya upasuaji, siyo baada. Na mpige mswaki asubuhi na usiku hata siku ambayo hakula chochote kwa mdomo. Mate machafu yakishuka mapafuni ni mabaya kuliko mate masafi.

Nyumbani kazi yenyewe ni hivi. Unachukua bomba la sindano kubwa, la mililita 50 au 60, unachomoa ile fimbo ya kusukumia, unalichomeka kwenye mpira. Unatanguliza maji kidogo. Unamimina chakula na kulishikilia juu ya tumbo kama shibiri moja, kinashuka chenyewe. Kikikimbia, shusha mkono. Kikisitasita, panda juu kidogo. Mlo mmoja uchukue kama dakika ishirini. Usisukume kwa nguvu kwa sababu una haraka, atatapika. Ukimaliza, maji tena, mpaka mpira uonekane mweupe, kisha abaki amekaa nusu wima kama saa moja.

Kinachoziba mpira kwa kawaida ni unga wa dagaa, vipande vya karanga na dawa za kifafa zisizosagwa vizuri. Chuja kila kitu kwa chujio la chai. Dawa saga mpaka iwe vumbi, changanya na maji, kila moja ipite peke yake, na kabla hujasaga muulize mfamasia kama dawa hiyo inaruhusiwa kusagwa. Ukiziba, maji ya vuguvugu, vuta na kusukuma polepole. Wapo wanaomimina soda; haishindi maji. Waya usiuguse. Na angalizo: uji uliopunguzwa mpaka upite kwa urahisi mara nyingi umebaki maji matupu. Mtoto anashiba na bado anakonda. Kaa na mtaalamu wa lishe akupangie maziwa, mafuta na kiasi cha kila mlo, na uzito upimwe kila mnaporudi kliniki.

Hapa ndipo penye fomu. Mpira huu huchomoka. Mipira mingi inashikiliwa ndani na puto dogo lililojazwa maji, na puto huchakaa, linapasuka, au mtoto anavuta. Tundu likiachwa wazi huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kama upasuaji ni wa wiki za karibuni usijaribu kuchomeka kitu, maana unaweza kukiingiza nje ya mfuko wa chakula. Funika kwa kitambaa safi na uondoke kwenda hospitali. Likishapona vizuri, baada ya miezi miwili mitatu hivi, na ukiwa umefundishwa, unaweza kurudisha mpira safi ili tundu lisizibe, unaubandika kwa plasta, na hupitishi chakula mpaka muuguzi athibitishe. Hospitali isiyo na mpira wenyewe hutumia mpira wa mkojo kushikilia nafasi, na inafaa kwa dharura.

Kwa hiyo muulize daktari: Jumamosi usiku mpira ukitoka, Morogoro naenda wapi, na nitamkuta nani anayeujua? Omba utoke wodini na mpira mmoja wa akiba kwenye mkoba wako. Omba ulishe mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kuruhusiwa, siyo kutazama tu. Na mume wako awepo siku hiyo. Wanaume wengi niliowaona wodini walikuwa waoga wa kijiko, lakini bomba walilielewa upesi kuliko sisi. Huo ukimya wake pengine ni kwa kuwa hajapewa kazi.

Ukikataa kwa sasa, hakuna atakayekushtaki. Mlishe wima, vyakula vizito na laini, milo midogo ya mara kwa mara, na mrudishe mara uzito ukishuka au kifua kikirudi. Ukikubali na baadaye akaweza kula vya kutosha, mpira hutolewa na mara nyingi tundu hujifunga lenyewe.

*Sista, salaam aleikum. Mwanangu ana miezi mitano, ana tatizo la moyo, tumeruhusiwa nyumbani na mpira wa puani akisubiri upasuaji. Shangazi yake aliwahi kufanya kazi hospitali. Anasema ili kujua mpira uko sawa, tuchovye ncha ya nje kwenye glasi ya maji: povu likitoka uko mapafuni, lisipotoka tumlishe. Ni kweli? — Baba, Kilifi*

Wa aleikum salaam, baba. Hapana. Tumboni nako kuna hewa, na mpira ulio pafuni unaweza usitoe povu hata moja. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu nako kumeachwa, ingawa sisi wa zamani ndivyo tulivyofundishwa: sauti ya hewa iliyoingia pafuni husikika tumboni vilevile.

Vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano kabla ya kila mlo, dondoshea kwenye kikaratasi cha kupimia asidi. Kikisoma pH 5.5 au chini, lisha; namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi, na asidi ni ya tumboni. Kikizidi, usilishe. Mlaze ubavu wa kushoto, ngoja kidogo, jaribu tena; bado ikigoma, piga simu wodini. Kama anatumia dawa ya kupunguza asidi au ametoka tu kunywa maziwa, kipimo kinaweza kupanda ingawa mpira uko mahali pake, na hilo waulize wodini mapema. Weka alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingia puani, uitazame kila mara, lakini usiitegemee peke yake: akitapika au kukohoa kwa nguvu, mpira unaweza kuhama ndani huku plasta shavuni haijaguswa. Vikaratasi kama hamkupewa, rudini mkaviombe kesho, nawe na mama yake mfanye kipimo kila mmoja kwa mkono wake mbele ya muuguzi.

Na akikohoa mfululizo, akihema kwa shida au midomo ikigeuka rangi wakati maziwa yanashuka, simamisha, chomoa mpira papo hapo, mkimbize hospitali.