Alimwaga kahawa yeye, pole nikapewa mimi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: ni neno gani la Kiingereza tunalolitamka kila siku na bado linatuponyoka? Mie nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kulisoma swali. Neno ni "sorry". Nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja, huu mwaka wa kumi na moja, na sidhani kama ipo siku nimelala bila kulisema neno hilo au kuambiwa.

Tulikuwa na mgeni mmoja, mzee mpole wa Kiingereza, aliyetembea na kijitabu chake cha maneno ya Kiswahili. Asubuhi moja akakipiga kikombe kwa kiwiko, kahawa yote ikamwagikia daftari la wageni na baibui langu. Mzee akashtuka, akaweka mkono kifuani, akasema kwa lafudhi safi kabisa: "Pole sana, dada!" Mwenzangu alikimbilia jikoni kwenda kucheka. Kwa sikio letu, mzee ameniroanisha kisha ananiliwaza, kama kwamba kahawa imejimwaga yenyewe na yeye ni mpita njia tu. Nikakiomba kile kijitabu nikione. Kimeandika kweli: "sorry", pole. Basi.

Na sisi tunalikosea neno hilo hilo kwa upande wa pili. Ngazi za nyumba zetu za zamani zina wima na hakuna kipandio kinacholingana na mwenziwe. Mama mmoja mgeni akateleza akakaa kitako. Mie huyo mbio: "Sorry, sorry, sorry!" kama vile mama yangu angesema "pole, pole, pole mwanangu". Yule mama akanitazama kwa mshangao, akaniuliza naomba msamaha wa nini, kwani ngazi nimezipaka mafuta mimi? Jioni mumewe akamfuata meneja. Kwa kuwa nyumba imeshakiri kosa, anaomba walau usiku mmoja usilipwe.

Meneja akatukusanya jikoni. Kuanzia leo mgeni akianguka hakuna "sorry", mwulizeni kama yuko salama. Tukatii, ingawa ilituuma. Mtu yuko chini, ameshika nyonga, nawe unamsimamia kichwani na maswali kama askari wa usalama barabarani. Shangazi yangu angeona malezi yamenipotea.

Wala yule mume hakuwa mtu wa ajabu. Hofu ya kwamba "sorry" ni kukiri kosa imeenea kwa wenye lugha yao, hata jimbo la Ontario kule Kanada likatunga sheria mwaka 2009, kwamba mtu akisema "sorry" maneno hayo yasitumike katika kesi ya madai kama ushahidi wa kosa. Hebu fikirieni Bunge linakaa, linapiga kura, ili daktari au dereva aweze kumpa mtu pole bila woga.

Nimelifikiria sana jambo hili zamu za usiku, na nadhani siri iko kwenye vitenzi. Pole hutolewa. Tunampa mtu pole, tunakwenda kumpa mkono wa pole, na msibani pole hiyo huweza kufuatana na rambirambi ndani ya bahasha. Samahani huombwa, na anayeombwa ana hiari, anaweza kukunyima. Sasa "sorry" haitolewi wala haiombwi. Mwingereza yuko "sorry", kama vile alivyo na njaa au alivyo mgonjwa. Anakueleza hali yake mwenyewe. Asili ya neno inalikubali hilo: katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutoka neno lenye maana ya maumivu, lile lile ambalo leo ni "sore". Kwa hiyo asemaye "I am sorry" alikuwa anasema, nimeumia. Ameumia kwa sababu wewe umeanguka, au kwa sababu yeye ndiye aliyekusukuma? Neno halisemi. Msikilizaji anajijazia mwenyewe.

Angalieni na majibu. Ukipewa pole unajibu "asante", au kama umechangamka, "nimeshapoa". Ukiombwa samahani unajibu "bila samahani" au "usijali". Mtu akichanganya, akaombwa samahani akajibu "nimeshapoa", utajua hakusikia ulichosema. Kwa Kiingereza mapokeo yote haya yanaingia mlango mmoja, ndipo yule mama wa ngazini akafika mahali pa kumtetea mtu asiyeshtakiwa.

Matumizi mengine hayana kazi kubwa. "Sorry?" ya kupandisha sauti mwishoni ni "unasemaje?", au "naam?" yetu. "Sorry" ya kupenya kwenye msongamano ndiyo "samahani, naomba nipite", na kwa mchukuzi mwenye mzigo mabegani ni "simile! simile!" "I'm sorry, but..." ni kizibo tu, linalofuata ni kukataliwa, wala usisubiri. Kitu kikiwa katika "sorry state" ujue kimechakaa kiasi cha kutia huruma. Kwa mfiwa tunayo "makiwa", ambayo vijana wanaanza kuiacha, nami naisikitikia kuliko maneno mengine yote niliyoyataja hapa.

Utajiri wa neno hili, ama ujanja wake, huonekana wakubwa wanapolitumia. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya ujasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina, Wang Wei, akapotea baharini. Ile ya Kimarekani ikatua kisiwani bila ruhusa, na watu wake 24 wakazuiliwa. China ikataka kuombwa radhi, Marekani ikasema haina kosa la kuombea radhi. Siku kumi na moja wakavutana. Mwisho balozi wa Marekani akaandika barua yenye "very sorry" mahali pawili: kwa kifo cha rubani, na kwa ndege kuingia na kutua bila idhini ya mdomo. Upande wa China ukaitafsiri kwa maneno ya kuomba radhi, ukaridhika. Upande wa Marekani ukasema tumetoa pole tu. Watu 24 wakarudi makwao. Ingekuwa barua ile imeandikwa kwa Kiswahili, mwandishi angelazimika kuchagua, na sijui wale watu wangerudi lini.

Na kwetu je? Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles alisimama Nairobi, kwenye dhifa ya taifa, akasema maovu ya zamani ni sababu ya huzuni kubwa kabisa na majuto mazito kabisa. Alitumia "sorrow" na "regret", wala "sorry" yenyewe hakuigusa. (Wengi hudhani "sorrow" ni ndugu wa damu wa "sorry". Zimefanana sura tu, mizizi yake ni mbalimbali.) Hata mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa enzi ya Mau Mau pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, neno lililotumika bungeni London lilikuwa "regrets", yaani inasikitika.

Siku ya pili yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mbele ya wajukuu na vitukuu vya waliouawa katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, akiwamo Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Yeye alisema anaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zao. Kajerumani kangu ni ka wageni wa Agosti, lakini katika maneno yake kulikuwa na "bitten", kuomba. Kama bado kuna deni la kulipwa baada ya hapo, hilo ni swali jingine na lina wenyewe. Mie nasema habari ya vitenzi: kwa siku mbili, nchi mbili jirani, mmoja alieleza moyo wake na mwingine aliomba kitu kwa watu wenye hiari ya kumnyima.

Tumelichukua na sisi, tukalipa irabu, likawa "sori". Konda akikukanyaga kwenye daladala ni "sori anti", na macho yako kwenye nauli. Sori ya Kiswahili cha mjini ni nyepesi kuliko samahani, haina haja ya kuinamisha kichwa wala kusubiri jibu. Zamani niliiona ni uvivu. Siku hizi naona ina nafasi yake, maana si kila kukanyagwa kunastahili radhi. Kuomba radhi kwetu ni jambo zito, ni neno la mtoto kwa mzazi, la mgonjwa kwa jirani aliyekosana naye. Huwezi kulitumia ndani ya basi mara nane kwa siku.

Juzi binti yangu wa miaka tisa alivunja bilauri ya mwisho ya seti aliyoniachia marehemu mama yangu. "Sori, mama," akasema, mguu mmoja umeshatoka mlangoni. Sikugomba. Nikamwambia, hebu rudi useme tena. Akarudi. Akavitazama vile vipande, akanitazama mimi, akakaa kimya muda kidogo, kisha kwa sauti ndogo sana: "Naomba radhi, mama." Nikampa pole, maana kidole kilikuwa kinamtoka damu.