Wifi katushtaki familia nzima, kesi yangu inaweza kufutwa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nimeolewa, naishi Pune, kaka yangu na mkewe wako Lucknow. Wamegombana, wifi kaenda polisi kusema tulimtesa kwa ajili ya mahari, hii ya India inayotoka upande wa mwanamke, na katutaja wote: mama, kaka, mimi mpaka mume wangu. Kwao nimefika mara mbili tu tangu waoane. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Ndiyo, unaweza kuomba Mahakama Kuu ya huko kesi ilikofunguliwa ikufutie, kwa kifungu cha 528 cha sheria mpya ya mwenendo wa kesi za jinai iliyoanza Julai 2024, ndicho kile cha 482 cha sheria ya zamani. Kosa lenyewe, yaani mume au ndugu zake kumfanyia mke ukatili, ndilo lile la kifungu cha 498A cha mwaka 1983, siku hizi ni kifungu cha 85 cha sheria mpya ya makosa ya jinai, kifungo mpaka miaka 3.

Kwanza tafuta nakala ya FIR, yaani malalamiko ya wifi yalivyoandikwa polisi, shika kalamu, piga mstari kila lilipo jina lako. Je, kasema siku gani, wapi, wewe ulitamka au ulifanya nini? Kama ni "mama mkwe, mawifi na mashemeji wote walinitesa" basi, hapo una hoja nzito, maana kwenye ombi hili majaji hawasikilizi mashahidi, wanayachukua malalamiko yalivyo na kuuliza, hata yote yakiwa kweli, huyu kafanya kosa gani? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliwafutia kesi dada na kaka wa mume waliotajwa majina tu hivihivi, na Desemba 2024 ikarudia onyo hilohilo la kukokota ndugu wote.

Lakini kama kaandika siku mama alipodai pikipiki na maneno aliyosema, mama ombi lake ni gumu, asijifiche nyuma yako, na wewe muulize ukweli. Usimtukane wifi kwenye karatasi za mahakama wala kwenye simu. Sheria hii ilikuja kwa sababu mabinti walikuwa wanamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa majumbani, na huenda na yeye kaumizwa kweli, hata kama si na wewe.

Wakipatana, bado majaji ndio wa kuifuta, wamefanya hivyo tangu 2003. Polisi wakikuletea notisi nenda, usikimbie, tangu 2014 hawaruhusiwi kukamata hovyohovyo kwa kosa hili, ila ukipuuza wito unawapa sababu.