Maswali na majibu: Uswahilini unaanzaje, ni upepo au ni nini?

Swali limetoka kwa kijana wa Nzuguni, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Nimesoma mahali kwamba London maskini walijazana mashariki kwa sababu ya upepo. Je, na huku kwetu Dodoma ni upepo? Mbona Area D ikapangika vile na Chang'ombe ikabanana vile? Nauliza maana nataka kununua kiwanja pembezoni, sitaki baadaye nijikute niko uswahilini."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza uswahilini usipachukie sana, mimi nimekulia huko na nimesoma nikawa mtu wa mipango miji.

Hiyo ya London ni kweli. Kule upepo mwingi unatoka magharibi, sasa enzi za makaa ya mawe moshi wote wa mjini ulikuwa unasukumwa mashariki, na huko huko ndio kulikuwa na bandari na vibarua, basi mwenye hela akahamia magharibi na asiye na hela akabaki na masizi yake. Mwaka 1956 wakatunga sheria ya kuzuia moshi, hewa ikasafishika, lakini tofauti ya pande hizo mbili hadi leo bado unaiona. Hapo shika jambo moja: kilichosababisha kinaweza kuondoka, mtaa ukabaki vile vile.

Dodoma upepo wetu mwingi unatoka mashariki, na hatujawahi kuwa na moshi wa kiwanda wa kumhamisha mtu. Kwetu kilichogawa mji ni mchoro. Mkoloni alipojenga miji ya reli alitenga uzunguni, uhindini na uswahilini, Dar akaacha hata uwanja wa wazi katikati kuwatenganisha, ndio Mnazi Mmoja ile. Uzunguni viwanja vipana na barabara, uswahilini vyumba vimebanana. Uhuru ukaja 1961, ubaguzi ukafutwa kwenye sheria ila upana wa barabara haukufutika.

Halafu 1973 ikaamuliwa makao makuu yaje Dodoma, ikaundwa CDA, yaani mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikachora na kupima viwanja. Lakini kupima kunakwenda polepole na watu wanakuja haraka. Fundi, mama lishe, mbeba zege, hao hawasubiri mchoro. Wanatafuta mahali ambapo upimaji haujafika au umeparuka, kando ya korongo, pembeni ya reli, shamba la mzee wa Kigogo ambaye familia inamuuguza na anahitaji hela leo.

Na pale shambani kiwanja kinauzwa kwa hatua, 20 kwa 20. Nimeshasimama kwenye hizo shughuli, mnunuzi anakuja na rafiki yake mrefu kama mlingoti ndio apige hatua, muuzaji naye anasema hapana, apige mjukuu wangu! Wanabishana weee, mwisho wanachomeka vijiti, mwenyekiti anaandika karatasi, imeisha. Hapo hakuna hata mmoja aliyefikiria barabara, kila mtu anajua hatua zake tu. Miaka kumi baadaye kumejaa nyumba, gari la taka halipiti, bomba la maji linapinda pinda, na shimo la choo likijaa gari la kunyonya halifiki.

Sasa utauliza kwa nini wasiende mbali kulikopimwa? Piga hesabu ya kibarua. Tuseme chumba mbali ni 25,000 na karibu na mjini ni 50,000. Akikaa mbali, nauli kwenda na kurudi 1,500 mara siku 26 inakula 39,000, jumla 64,000. Akikaa karibu anatembea kwa mguu hadi Majengo sokoni, analipa ile 50,000 tu. Kwa hiyo anajibana, na mwenye nyumba akiona wapangaji wapo anaongeza chumba uani, na kingine, hadi uchochoro unapita mtu mmoja kwa ubavu. Chang'ombe ndio hiyo hesabu imesimama kwa matofali.

Kuna wanaosema ni jiografia, mlimani matajiri bondeni maskini. Bonde nakubali kiasi kwa sababu ya mafuriko, lakini mlima hapana. Nenda Mwanza, vilima vya Igogo na Mabatini watu wa kipato cha chini wamepanda juu ya mawe, na Capri Point nayo ni kilima cha mawe mawe ila ni kwa wakubwa. Mji mmoja, ziwa moja. Capri Point barabara ilitangulia nyumba, kule kwingine nyumba zilitangulia barabara.

Kwa kiwanja chako sasa. CDA ilivunjwa 2017, mambo ya ardhi yako halmashauri ya jiji, nenda ofisi ya mipango miji uliza kama eneo lina mchoro ulioidhinishwa, usiulize dalali. Kama ni urasimishaji, yaani nyumba zilitangulia ndio wanapima, uliza barabara zimebaki mita ngapi, maana majirani wengi hukubali kutoa nusu mita wakati lori la mchanga linahitaji zaidi ya hapo. Angalia bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, kwa macho yako. Halafu nenda mara moja mvua ikiwa imenyesha, korongo la Dodoma kiangazi linafanana na barabara nzuri kabisa na wapo watu wanaliuza hivyo hivyo.